Gololi Sita za Mzee Masunga

Mwaka 1947, nikiwa na miaka kumi na saba, ndipo tabu yangu ilipoanza, maana baba alikufa kwetu Shinyanga, karibu na Kolandoto, wakati wa kupanda, mama alikuwa ametangulia, na baba zangu wadogo wakagawana ng'ombe wote, hata yule ndama niliyemlea kwa mkono wangu, wakaniachia jembe lisilo na mpini. Nikatembea kwa miguu mpaka Geita kwenye mgodi wa dhahabu. Nasema haya kwanza ili usije ukadhani aibu nitakayoieleza ilimpata mtu mwenye kwao. Ilimpata mtu asiye na watu, na hilo ndilo lililoikuza. Nimeificha miaka mingi sana, lakini waliokuwepo siku ile karibu wote wamekwisha kufa, na waliobaki wamesahau hata majina yao, kwa hiyo sasa naiandika. (Shule nilikaa madarasa mawili tu, ukikuta herufi imelala vibaya iamshe mwenyewe.)

Mgodini kazi yangu ilikuwa kusukuma matoroli ya mawe kwenye reli. Toroli likianza kulia, msimamizi alikuwa anapiga kelele, "Paka mafuta!" nami nachota mafuta mazito kwenye debe, nayashindilia kwenye ekseli, toroli linanyamaza. Miaka mitano nilifanya hivyo. Nikaamini moyoni mwangu kwamba kitu chochote chenye gurudumu kikilia, ugonjwa uko kwenye ekseli na dawa ni mafuta, na nilikuwa tayari kubishana na mtu yeyote juu ya jambo hilo, ingawa hakuna aliyewahi kuniuliza.

Hakuna aliyeniuliza kitu chochote, huo ndio ukweli. Kambini Wasukuma wenzangu walikuwa wengi, lakini kila mmoja alikuja na ndugu yake au na mtu wa kijiji chake, wakapika chungu kimoja, wakala pamoja, wakagombana pamoja. Mimi nilikuwa na kopo langu na mafiga yangu matatu. Zilipita siku ambazo maneno yote niliyoyasema tangu asubuhi yalikuwa "shikamoo" na "sogea, toroli linakuja."

Siku za Jumamosi akina mama walileta vyakula sokoni karibu na kambi, na miongoni mwao alikuwa binti mmoja aitwaye Nyamizi, akiuza michembe pamoja na mama yake. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, chakula kizuri, lakini mtu mmoja hawezi kula kikapu kizima kwa juma moja. Mimi nilikula. Nilikula mpaka tumbo likawa kama ngoma, kwa sababu kila nikinunua Nyamizi ananiuliza, "Luhende, ile ya juzi imekwisha?" na hilo ndilo lililokuwa swali la pekee la juma zima lenye jina langu ndani yake.

Nikaamua kwenda kumposa. Kwa desturi yetu mwanamume hajipeleki mwenyewe, wanatangulia watu wake, wanasema maneno, wanapanga ng'ombe, yeye anakuja nyuma ameinamisha kichwa kama vile hahusiki. Mimi sikuwa na wa kumtanguliza. Nikajitanguliza. Nikafua shati, nikatembea asubuhi nzima kwenye njia ya kwenda Katoro (wakati ule Katoro ilikuwa pori na nyumba chache za kuhesabu kwa vidole) mpaka nikafika kwa baba yake, Mzee Masunga, mji mpana uliozungushiwa uzio wa minyaa.

Mzee Masunga alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye koti jeusi ambalo hakulivua hata jua likiwa utosini. Akanipa kigoda.

"Watu wako wako wapi, ng'wanone?" akauliza. Ng'wanone ni mwanangu, na tangu baba afe hakuna aliyekuwa ameniita hivyo.

"Sina, baba."

"Wote?"

"Wote, baba."

"Na ng'ombe?"

"Sina."

Alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti, akakitazama kile kijiti kama ndicho kilichokuja kuposa. "Basi," akasema, "una nini?"

Hapo ndipo. Ningesema nina mikono miwili na kazi mgodini, pengine ningekuwa na wajukuu leo. Lakini niliona kijiti kinarudi mdomoni na mambo yanaisha, na nyuma ya nyumba nilikuwa nimeona baiskeli imeegemezwa, nikasema, "Nina ufundi, baba. Mimi ni fundi wa baiskeli."

Sikuwahi kumiliki baiskeli. Kupanda nilipanda mara mbili, na mara moja nilishuka kabla haijasimama.

Mzee Masunga akatupa kijiti. Akainuka haraka kama kijana, akaenda nyuma ya nyumba, akaileta baiskeli yake, nyeusi kama koti, akaipanda akazunguka nayo uani mbele yangu. *Kwi-tak. Kwi-tak. Kwi-tak.* Kila gurudumu la mbele linapozunguka, kwi-tak. Mbwa wakaondoka.

"Unaisikia?"

"Naisikia, baba."

"Mwaka wa pili huu. Nikienda kwenye baraza, wazee wanaacha kusema kabla sijafika, wananingoja niingie niiegemeze ndipo waendelee. Watoto wa huku hawaniiti Masunga. Unajua wananiitaje? Kwitaki!" Akaniinamia. "Ugonjwa wake ni nini?"

"Gololi," nikasema papo hapo, kwa sababu neno hilo nililisikia mgodini na lilikuwa na sauti ya kitaalamu.

"Gololi," akarudia kwa heshima. "Njoo Jumapili uitibu. Ukiinyamazisha, mambo ya watu na ng'ombe tutayazungumza, hata kwa kulipa polepole. Mtu mwenye ufundi hakosi."

Nilirudi kambini naimba. Mjini Kalangalala kulikuwa na fundi wa kweli, Mzee Shabani, Mmanyema mwenye kofia ya kitani, alikaa chini ya kibanda cha makuti amezungukwa na magurudumu. Juma lile nilipita mbele yake mara tatu. Mara ya tatu aliniuliza, "Kijana, umepotewa na kitu?" nikajibu, "Hapana mzee, natazama tu." Swali moja lingetosha! Lakini nilikuwa nimekwisha jiita fundi, na fundi haulizi (ndivyo nilivyofikiri, nikiwa na akili ya kuku, na hapo kwenye kuku tutafika). Nikaazima spana mbili kwa msimamizi wa matoroli, nikazifunga kwenye kitambaa, na Jumapili nikaondoka.

Nilidhani nitamkuta mzee peke yake. Nikakuta watu kama arobaini. Alikuwa amewatangazia majirani wote kwamba mkwe mtarajiwa ni fundi na leo baiskeli itanyamaza, na wote walikuwa na hamu, wengine wamekuja na vigoda vyao. Mbele kabisa alikaa jirani mmoja aitwaye Mzee Kulwa, mtani wa Mzee Masunga, mwenye meno mawili na maneno elfu.

"Mwangaluka, daktari!" akanisalimia kwa Kisukuma, na watu wakacheka kabla sijashusha kitambaa changu.

Nikaipindua baiskeli, magurudumu juu, nikalizungusha la mbele. Likazunguka kimya, halikutoa hata pumzi.

"Imepona!" akasema Kulwa. "Imemwona mkwe ikaogopa!"

Mtu mwenye akili angesimama hapo ajiulize, mbona inalia ikipandwa na mtu na hailii ikiwa haina uzito? Jibu zima lilikuwa pale, limewekwa mezani. Mimi nikasema kwa sauti nzito, "Ugonjwa huu hujificha," nikatoa spana.

Nikafungua gurudumu, nikafungua na ekseli yenyewe, na gololi zikamwagika mkononi, vidude vidogo vya kung'aa kama macho ya samaki. Kumi upande huu, kumi upande huu. Watu wakasema "Aaa!" Nilijisikia mkubwa. Nikaomba ungo, nikazimwaga humo. Nikaomba mafuta mazito ya gari, hakuna. Nikaomba mafuta yoyote, na Nyamizi akaniletea samli ya mama yake kwenye kibuyu, akapiga goti akaiweka bila kunitazama, lakini niliona shavu lake linacheka. Nikazipaka gololi samli vizuri, moja moja, zikanukia kama sikukuu. Nikauweka ungo chini, nikageuka kufuta ule mdomo wa ndani ya gurudumu kwa kitambaa.

Niliposikia *ko, ko, ko* nikageuka, na kuku jike mwenye madoadoa alikuwa kwenye ungo wangu, anameza.

Nikamfukuza kwa mkono, akaruka, nikahesabu. Kumi na nne. Sita zilikuwa zinatembea kuelekea jikoni.

Sasa sikiliza nilivyonaswa. Kuku alikwenda moja kwa moja mpaka miguuni kwa mama yake Nyamizi, aliyekuwa ameketi mlangoni mwa jiko anapepeta mtama, akasimama hapo anajipangusa mdomo kwenye vumbi. Na mama mkwe, kwetu, humsogelei. Tangu nilipopeleka posa nilikuwa simtazami usoni wala simsemeshi, njia ikitukutanisha naingia majanini mpaka apite. Yule mama aliyekuwa akinipimia michembe kila Jumamosi sasa alikuwa kama moto. Nikainuka, nikapiga hatua nne kumfuata kuku, nikaona ncha ya kitambaa cha mama, nikafunika uso nikarudi. Nikakaa. Nikaona kuku bado yupo. Nikainuka tena, hatua tano, uso, nikarudi. Mara ya tatu Mzee Kulwa akauliza, "Jamani, hii ngoma ya wapi? Ni ya kwao Shinyanga au ni dawa ya gololi?" Watu wakashika mbavu.

Ningeweza kusema, "Baba, kuku amemeza gololi." Maneno manne. Mtu yeyote angemkamata. Lakini niliwatazama wale watu arobaini nikaona hakuna hata mmoja aliye wangu, hakuna ndugu wa kusema "aa, jambo la kawaida, hata mwaka jana kwetu kuku walimeza," hakuna wa kucheka upande wangu. Nikafunga mdomo. Nikagawa zilizobaki, saba huku na saba huku, nafasi zilizobaki wazi nikazijaza samli, nikakaza kwa spana mpaka mishipa ikanitoka.

Nikiwa katika kukaza nikasikia mbio na makelele nyuma ya jiko. Mgeni alikuwa anachinjiwa kuku. Sikuthubutu kutazama, ila nilipoinua jicho nikaona manyoya yanapeperuka uani, na yalikuwa na madoadoa.

Mzee Masunga akavaa kofia. Akapanda. Akazunguka uani mbele ya watu wote, kifua mbele. *Kwi-tak. Kwi-tak.* Ile ile, kama vile hakuna aliyeigusa. Na chini yake sauti mpya, *gru, gru, gru,* kama mtu anayetafuna mchanga.

"Bado inazoea," nikasema.

"Imeoa," akasema Kulwa, "sasa wako wawili."

Mzee akatoka langoni kuelekea mteremkoni ili apate mwendo. Nadhani gololi zilijikusanya upande mmoja, kwa sababu niliona gurudumu linayumba kama mlevi, kisha likainama, likashika uma wa mbele, likasimama. Gurudumu lilisimama, mzee hakusimama. Aliruka na koti lake lote akaingia kwenye uzio wake mwenyewe wa minyaa, na minyaa, kama unaijua, ukiivunja inatoa maziwa yanayochoma macho kuliko pilipili. Wanaume wakakimbia, wanawake wakaleta maji, wakamwosha macho muda mrefu huku akitukana mti mmoja mmoja. Mimi nilisimama nimeshika spana. Hakuna aliyenituma maji wala aliyenifukuza. Walinizunguka wakapita kama mtu anavyozunguka nguzo.

Mzee alipoona tena, macho mekundu kama ya mvuta bangi, akasema, "Chakula kimeiva. Tule." Huyo alikuwa mwanamume. Tukaketi, ugali ukaja, kuku akaja. Nikamega tonge la ugali, kuku sikumgusa. Ndipo Nyamizi akatoka jikoni mara ya pili, ameshika kibuyu kidogo kwa mikono miwili, akaja mpaka mbele yangu, akapiga magoti, akakiweka chini. Ndani yake gololi sita zilizooshwa, zinang'aa.

"Mayu anasema," akasema kwa sauti ndogo, "amezikuta kwenye firigisi. Anasema labda ni zako."

Mayu ni mama, naye hakuweza kuniambia mwenyewe, kama nami nisivyoweza kumwambia. Hata hapo alinihifadhia adabu. Kisha Mzee Kulwa akaanguka kutoka kwenye kigoda chake, anacheka bila sauti, anapiga ardhi kwa kiganja, na kicheko kikazunguka uani kikatoka nje ya uzio. Wanawake walicheka jikoni. Nyamizi hakucheka. Alitazama ardhi, na afadhali angecheka.

Mzee Masunga alingoja kimya kirudi.

"Wewe ni fundi?"

"Hapana, baba."

"Ulijua kuku amezimeza?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nipande."

Nikaanza kuzifunga spana kwenye kitambaa.

"Ng'wanone, kukosa ng'ombe si kosa, na kukosa watu si kosa. Lakini mwenye watu akinidanganya, nakwenda kwa baba yake, nakwenda kwa mjomba wake, nasema, mtu wenu kanifanyia hivi, tunakaa, tunayamaliza. Wewe ukinidanganya niende kwa nani?"

Nilitafuta jina la kumpa. Nilitafuta kweli, nikipita kwao wote kichwani, na sikulipata. Nikanyoosha mkono nichukue zile gololi, sijui kwa nini, akasema, "Ziache. Ni za baiskeli yangu."

Kwetu mgeni husindikizwa. Hata mgeni mbaya, hata mwizi aliyesamehewa, mtu anatoka naye mpaka njia panda. Mimi nilitembea kutoka langoni peke yangu, na nilipofika njia panda nikasimama kidogo, kama kuna mtu nyuma yangu ninayetakiwa kumwambia rudi sasa, umenifikisha. Kisha nikaenda zangu.

Mkasa kama ule, mtu mwenye ndugu anausimulia siku hiyohiyo, wanamcheka, anacheka nao, unaisha. Mimi nilifika kambini nikawasha moto wangu, nikaketi na mkasa wangu, na kesho yake nikaenda nao kusukuma toroli, na keshokutwa. Ulikaa ndani yangu kama zile gololi ndani ya kuku. Siku ya tisa nikaenda Kalangalala, nikasimama mbele ya Mzee Shabani, nikasema, "Shikamoo. Sijui kitu chochote kuhusu baiskeli." Akasema, "Marahaba. Kaa." Nikamweleza yote, akacheka mpaka kofia ikaanguka, na sijawahi kushukuru kicheko kama kile.

Ndiye aliyenifundisha. Alinikataza kugusa spana miezi miwili, kazi yangu ilikuwa kusikiliza. "Ipande," alikuwa akisema, "kisha acha kukanyaga. Ikinyamaza, tafuta kwenye pedeli na mnyororo. Ikiendelea, iko kwenye gurudumu. Ikilia mara moja kila mzunguko, ni kitu kimoja kidogo mahali pamoja, usibomoe nyumba nzima. Na ikilia tu ikibeba mtu, bana spoku, zile njiti za gurudumu, mbilimbili kwa vidole, ndizo zinazosuguana." Niliacha mgodi. Nilikaa naye mpaka alipokufa.

Mwaka mmoja na nusu baada ya siku ile, nikiwa nimeinama kibandani, nikasikia *kwi-tak* kutoka mbali sana. Sikuinua kichwa mpaka iliposimama mbele yangu. Mzee Masunga alinitambua, nami nikamwamkia, akaitikia. Nilibana spoku mbilimbili. Ya saba na ya nane zilikuwa zimelegea, pale zinapopishana zimekulana zikawa na makovu. Nikazikaza, nikatia tone la mafuta, moja tu. Akapanda akaenda mpaka msikitini akarudi. Kimya.

"Hivi tu?" akauliza.

"Hivi tu, baba."

"Siku ile ungesema hujui," akasema, "ningekwambia hata mimi sijui. Tungecheka, basi." Kisha akanieleza, bila kuulizwa, kwamba Nyamizi aliolewa upande wa Ushirombo na ana mtoto wa kiume. Nikasema namshukuru Mungu. Akaondoka. Niliinama kutafuta kitambaa, na nilipoinuka hakuwepo, na sikuweza kujua amefika wapi kwa sababu haikuwa na sauti tena.

Tangu hapo sijamwambia mtu najua kitu nisichokijua, hata mambo madogo, hata njia ya kwenda hospitali. Vijana wananiona mkali. Na waniite mkali.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Kalangalala, bati jipya, vyumba vitano. Kibanda cha ufundi chenye mlango wa chuma. Ng'ombe kumi na wanne, wako kwa mchungaji kule kwetu Kolandoto, kila mmoja nimemnunua kwa mkono wangu. Shamba la mihogo. Cherehani ya marehemu mke wangu, niliyemwoa nikiwa na miaka arobaini na mbili, hatukujaliwa mtoto. Redio. Baiskeli tatu. Viti sita vya wageni, vitano bado vina rangi yake ya dukani, cha sita ndicho ninachokalia mimi.